i7 ya zamani au i5 ya karibuni? Soma namba iliyo baada ya kistari

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi ujao nafungua stesheneri karibu na chuo hapa Morogoro. Nitachapa kazi za wanafunzi, nitatoa kopi, nitawajazia watu fomu za mkopo na za ajira mtandaoni, na kutengeneza picha za pasipoti. Mdogo wangu wa kiume naye anataka kuitumia mashine hiyo usiku kuhariri video za harusi. Duka moja la Dar wamenionyesha laptopu tatu. Ya kwanza ni i7-7600U, shilingi 650,000. Ya pili i5-8350U, shilingi 600,000. Hizo mbili zimetumika Ulaya, kila moja ina RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Ya tatu ni mpya kwenye boksi, Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64, shilingi 620,000. Muuzaji anasema i7 ndiyo kubwa, na nikichukua i5 nitajuta. Mtaji wangu ni mdogo, siwezi kununua mara mbili. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hatua hiyo. Nianze na unachokitaka hasa: chukua ya pili, ile i5-8350U, ukishaikagua kama nitakavyokueleza huko chini. Ni ya bei ya chini kuliko zote tatu na ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa kazi yako. Najua inasikika kama kinyume cha mambo, kwa hiyo nikueleze sababu ili muuzaji akibisha uwe na la kumwambia.

Hizo herufi za i3, i5 na i7 zinawachanganya watu wengi sana. Mtu anaziona kama madaraja ya shule: saba imezidi tano, basi. Lakini Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, walizitoa kama vyeo ndani ya kizazi kimoja. i7 ya mwaka fulani imeizidi i5 ya mwaka huohuo na ya aina hiyohiyo. Ukivuka mwaka au ukibadilisha aina, cheo hicho hakikuambii tena kitu cha uhakika. Jina la i7 lipo tangu mwaka 2008, kwa hiyo zipo i7 za zamani ambazo leo zinashindwa na i3 ya juzijuzi.

Siri iko kwenye namba inayofuata kistari. Kwenye i7-7600U, ile 7 ya mwanzo baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 7. Kwenye i5-8350U ni kizazi cha 8. Namba tatu zinazofuata zinaonyesha nafasi yake kati ya ndugu zake wa kizazi hicho. Herufi ya mwisho ni ya matumizi: U maana yake imebanwa itumie umeme kidogo, kwa kawaida wati 15, ili betri idumu na laptopu iwe nyembamba. Kuanzia kizazi cha 10 kizazi kinachukua tarakimu mbili. i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11, i5-1235U ni cha 12. Nimeshamwona mteja akisoma 1135 akadhani ni kizazi cha 1, akaiacha mashine nzuri kwenye meza ya muuzaji. Iliniuma.

Sasa kwa nini kizazi kimoja tu, cha 7 na cha 8, kilete tofauti kubwa hivi? Hapo inabidi uelewe prosesa inafanya nini, na nitakupa mfano wa fundi cherehani, maana hakuna asiyewahi kukaa kwenye benchi la fundi akisubiri nguo.

Prosesa, wengine wanaiita kichakataji, ndiyo chumba cha mafundi. Kila kiini ndani yake, vijana wa dukani wanasema kore, ni fundi mmoja na cherehani yake. RAM ni meza: vitambaa vya kazi ya sasa vimetandazwa pale. SSD au diski ngumu ni stoo ya nyuma, ina nafasi kubwa lakini lazima uinuke uende. Na ile kashe inayotajwa kwa megabaiti chache ni pini ambazo fundi amezibana midomoni. Chache, lakini hana haja hata ya kugeuza kichwa kuzipata. Fundi asiye na pini midomoni anasimama kila dakika kutafuta pini mezani, na kasi yake yote inapotelea hapo.

Gigahezi ni mara ngapi fundi anakanyaga pedeli. Gigahezi 3 ni mizunguko bilioni 3 kwa sekunde moja. Watu wanaishia hapo, wanalinganisha namba hiyo peke yake, na ndipo wanapodanganyika, kwa sababu urefu wa mshono kwa kila mkanyago haulingani. Mwaka 2004 Intel walikuwa na Pentium 4 iliyokwenda gigahezi 3.8. Walikuwa wametangaza ya gigahezi 4, wakaifuta mwaka huohuo. Njia ya kuongeza kasi ya pedeli ilikuwa imefika ukutani, mashine zinachemka. Mwaka 2006 wakaja na Core 2 Duo. Ya gigahezi 2.4 tu ikaziacha nyuma Pentium zile za karibu gigahezi 4, kwa sababu kila mkanyago ulitoa mshono mrefu zaidi, na mafundi walikuwa wawili. Tangu hapo mashindano yamekuwa ya mafundi wangapi na mshono wa urefu gani, gigahezi ikabaki kuwa kimoja tu kati ya vipimo kadhaa.

Turudi kwenye laptopu zako. i7-7600U ina viini 2. Ndiyo, i7 yenye mafundi wawili tu. Kwenye laptopu nyembamba za herufi U, Intel waliuza i7 za viini viwili miaka na miaka, na stika ile ile ya i7 ikawa inawafanya watu wadhani wamenunua kitu kingine. Mwaka 2017 AMD, kampuni shindani ya Intel, wakatoa prosesa za Ryzen, ushindani ukarudi, na mwezi Agosti mwaka huohuo Intel wakatoa kizazi cha 8 cha laptopu: i5 na i7 za herufi U zikapewa viini 4, kwa wati zilezile 15. Kwa hiyo i5-8350U ina mafundi wanne. Kila kiini cha Intel hapo kinaweza kushika nyuzi mbili, yaani fundi mmoja anakuwa na nguo mbili mbele yake: pasi ikichelewa kupata moto kwa hii, anaendelea na ile. i7 yako inapata nyuzi 4, i5 inapata nyuzi 8. Kashe ya i7 ni MB 4, ya i5 ni MB 6. Na mafundi wenyewe kimsingi ni walewale, umbo la ndani la viini halikubadilika sana kati ya vizazi hivyo viwili. Waliongezwa idadi tu. Huo ndio ukweli wote wa hiyo tofauti ya shilingi 50,000, na uko upande wako.

Muuzaji anaweza kukuonyesha kwenye skrini kwamba i7 imeandikwa gigahezi 2.8 na i5 imeandikwa 1.7. Asikutishe. Hiyo ni kasi ya chini inayoahidiwa wakati viini vyote vina kazi nzito na vinagawana zile wati 15. Wanne wakigawana chakula kilekile cha wawili, kila mmoja anaahidiwa sahani ndogo. Lakini mmoja akifanya kazi peke yake anachota mpaka gigahezi 3.6, na yule wa i7 anafika 3.9. Nakuambia na hili kwa haki: ukifungua barua moja ya Word na usifanye kingine, i7 haitakuwa nyuma, pengine itatangulia kwa unywele. Stesheneri haifanyi kazi hivyo. Saa nne asubuhi utakuwa umefungua kivinjari chenye fomu za watu watatu, skana inavuta vyeti, printa inapokea kurasa 60 za ripoti ya mwanafunzi, WhatsApp inapakua PDF wanazokutumia, na programu ya kuzuia virusi inakagua flashi aliyochomeka mteja aliyeingia sasa hivi. Kazi hizo zote zinaombwa kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mafundi wanne wanalipa kodi ya chumba.

Kuna sababu ya pili, na kwa biashara yako mimi naipa uzito kuliko ya kwanza. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na Microsoft waliweka orodha ya prosesa wanazozikubali. Kwa Intel, ukiondoa chache za pekee, orodha inaanzia kizazi cha 8. i5-8350U imo. i7-7600U haimo. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Watu binafsi walipewa nyongeza ya mwaka mmoja kwa kujiandikisha. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika, na mafundi wengi wanazijua, mimi nikiwemo. Kwenye laptopu ya kuangalia filamu nyumbani sitakukataza. Lakini wewe utashika namba za NIDA za watu, vyeti vyao vya kuzaliwa, nywila zao za akaunti za mikopo, na kila siku utachomeka flashi usizojua zilikolala. Mashine hiyo inatakiwa ipate masasisho kwa njia ya halali, kila mwezi, bila ujanja.

Ile ya tatu, mpya ya kwenye boksi, naielewa hamu yake. Plastiki bado iko juu ya skrini, kuna risiti na warantii. Lakini Celeron N4020 ina viini viwili, haina nyuzi za ziada, na imetengenezwa kwa wati 6. Ni fundi mwembamba wa kazi nyepesi: kusoma kurasa za mtandao, kuandika, kuangalia video. Windows 11 inaikubali rasmi, ila kukubaliwa na kuimudu ni mambo mawili. Na yale yaliyoizunguka ni mabaya zaidi kuliko prosesa yenyewe. RAM ya GB 4 kwenye mashine za aina hiyo mara nyingi imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza. Hifadhi ya GB 64 kwa kawaida si SSD ya kweli bali ni chipu ya aina ya zile za kwenye simu, nayo imechomelewa. Windows yenyewe na masasisho yake inakula sehemu kubwa, na baada ya miezi michache unaambiwa nafasi imejaa wakati hujahifadhi chochote. Nimeletewa mashine kama hizo na watu walionunua kwa uchungu, wakiniuliza nifanye nini zipate nafuu. Jibu la kuwapa sina, kwa sababu hakuna cha kufungua na kubadilisha. Ukikuta mpya ya bei hiyo yenye Intel N100 ya mwaka 2023, hapo tungezungumza, maana ina viini 4. Lakini bado ningeuliza kwanza RAM ni ngapi.

Usiende dukani na imani kwamba "kizazi cha 8" peke yake inatosha. i3-8130U ni kizazi cha 8 na ina viini 2 tu. Jina la laptopu nalo halitoshi: HP EliteBook 840 G5 nyingi zina kizazi cha 8, lakini zilitoka pia zenye i5-7300U, na kwa nje hutaona tofauti. Upande wa AMD nako kuna mitego. Ryzen 5 2500U haimo kwenye orodha ya Windows 11, Ryzen 5 3500U imo. Na namba zao za laptopu zilizotoka mwaka 2023 zinasomwa kwa tarakimu ya tatu: 7520U inaonekana mpya kwa sababu ya ile 7 ya mbele, lakini ile 2 inakuambia viini vyake ni vya muundo wa Zen 2, wa mwaka 2019. Siisemi vibaya AMD, Ryzen 5 PRO 4650U yenye viini 6 ni mashine ambayo ningekununulia kwa furaha kama ungeipata kwa bei hiyo. Ninachosema ni kwamba soma namba nzima.

Sasa ukaguzi, na hapa usimwonee mtu aibu. Laptopu ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uende kwenye grafu ya prosesa. Juu pameandikwa jina kamili la prosesa, na chini utaona "Cores" na "Logical processors". Unataka kusoma 4 na 8. Stika ya kwenye laptopu usiitazame kabisa, stika inabandukwa na kubandikwa.

Acha dirisha hilo likiwa wazi. Fungua kivinjari, weka video ya ubora wa 1080 na ufungue kurasa nyingine kumi hivi, kisha kaa nayo dakika 15 ikiwa kwenye chaja. Angalia gigahezi zinavyocheza. Kupanda na kushuka ni kawaida. Lakini ikianza kubanwa na kubaki chini ya 1.7, labda 0.8 au hata chini ya hapo, huku kazi ikiwa imejaa, prosesa inajizuia isiungue. Mara nyingi ni vumbi kwenye feni na ile pesti iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka. Laptopu ya mwaka 2018 imefanya kazi ofisini miaka mingi, na pesti haikai milele. Si ugonjwa wa kufa. Fundi akiisafisha na kuweka pesti mpya inarudi, basi mwambie muuzaji aifanye kabla hujalipa. Sababu nyingine ni chaja. Laptopu za baadhi ya kampuni zikipewa chaja zisiyoitambua zinashusha kasi ya prosesa makusudi. Nilishawahi kufungua mashine ya mteja mpaka mwisho, nikabadilisha pesti, nikasafisha feni, bado inajikokota. Kumbe chaja aliyopewa dukani ilikuwa ya kuokoteza. Nusu siku yangu ilipotea hapo, na tangu siku hiyo chaja ndiyo ya kwanza kuitazama.

Washa na uzime upya mara moja mbele ya muuzaji, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka, uone kama inaomba nywila. Mashine za maofisi ya Ulaya nyingine zinauzwa zikiwa zimefungwa humo, na siku utakapotaka kubadilisha kitu utakwama.

Kuhusu meza, yaani RAM: GB 8 zitakutosha kuanzia, lakini picha za pasipoti kwenye Photoshop huku kivinjari kiko wazi zitaijaza mapema. Muulize muuzaji hizo GB 8 ziko kwenye kijiti kimoja au viwili. Kama ni kimoja na nafasi ya pili iko wazi, ni heri, biashara ikianza kulipa unaongeza kingine cha GB 8 na laptopu inakuwa nyingine kabisa, kwa sababu michoro ya skrini kwenye prosesa hizi inaazima RAM hiyohiyo, na vijiti viwili vinaipa njia pana zaidi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua umbo, mimi ningetafuta i5-8350U iliyo ndani ya Lenovo ThinkPad T480. Ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa kwa nje bila kuzima mashine. Umeme ukikatika mchana na foleni ya wanafunzi iko mlangoni, utanikumbuka. Angalia tu usipewe T480s ukidhani ni ileile. Hiyo ni nyembamba zaidi, haina betri ya nje ya kuchomoa, na sehemu ya RAM imechomelewa.

Kijana wetu wa video za harusi amebaki. i5-8350U ina sehemu maalumu ya kusimbua na kusimba video, yaani kuifungua na kuibana, kwa hiyo klipu za 1080 ataziunganisha, ataweka muziki, atatoa kazi, ila kwa uvumilivu. Akileta picha za 4K kutoka kamera mbili, itamlemea, na hata i7 ile isingemsaidia, ingekuwa mbaya zaidi. Kazi hiyo inataka prosesa yenye herufi H mwishoni, kama i5-9300H au Ryzen 5 5600H, ambazo zinaruhusiwa kula wati 45 na mara nyingi zinakuja na kadi ya michoro ya peke yake. Zinakula betri na zina bei nyingine. Mwache aanze na hii, harusi mbili tatu zimlipe, anunue yake. Lakini nakuomba jambo moja kama dada mwenye duka: mfungulie akaunti yake ndani ya Windows, isiyo na ruhusa ya kusakinisha programu, na video zake azitunze kwenye diski ya nje. Programu za kuhariri video za kupakua ovyo ndizo zinazoleta virusi vingi ninavyovitoa hapa kwenye meza yangu, na GB 256 zako zitaliwa na harusi moja tu.

Zile shilingi 50,000 ulizookoa kwa kuiacha i7, usizirudishe kwa muuzaji kwa kununua begi na panya wa taa. Nunua diski ndogo ya nje au flashi mbili nzuri, na kila jioni kabla ya kufunga unakili humo folda ya kazi za wateja. Kama siku ya kwenda Dar muuzaji atakuwa ameshaiuza ile i5-8350U, mwombe i5-8250U. Ina viini 4 na nyuzi 8 vilevile, imepungukiwa kasi kidogo sana ambayo hutaiona, na isizidi bei aliyokutajia.